Mwaka wa Panya wa Mu Dah

Kabla sijamsema Kler Moo nijiseme mwenyewe kwanza, maana watu wa Bupyeong, mtaa wetu huku Korea, wananijua na wataniuliza mbona naanza na mwenzangu. Mimi ni Mama Hsa, mwenye duka la vyakula vya kwetu nyuma ya soko, chini ya kinyozi. Nauza uduvi wa kuchachushwa, majani ya chai, pilipili kavu, tambuu, na maneno. Maneno ndiyo yaliyokuwa yakitoka sana, tena bure. Katika habari hii nina sehemu yangu, na nikiifikia sitaikwepa.

Kler Moo alikuja Korea kwa ndege moja na sisi, zile familia za mwanzo zilizochukuliwa kwenye kambi ya wakimbizi, mpakani mwa Thailand. Kambini alikuwa mgawa mchele tu, mtu wa kushika kibaba na kuita majina. Lakini kichwa chake kilikuwa chepesi. Sisi wengine masomo ya lugha yalitupita kama maji juu ya jani la magimbi, yeye mwezi wa nne alishaanza kubishana na mwalimu. Mwaka wa pili alikuwa anapaka rangi vyuma kiwandani asubuhi, na mchana akitoka anapeleka watu hospitali, shuleni, benki. Mtoto akiugua, Kler Moo. Bosi akikataa ruhusa, Kler Moo. Barua ya serikali ikiingizwa chini ya mlango, tulikuwa hatuifungui hata bahasha, tunaibeba hivyo hivyo mpaka kwake. Tukaanza kumwita Mwalimu, ingawa hajawahi kushika chaki maishani mwake.

Alikuwa mtu wa watu, nisimnyime haki yake. Mama mkwe wangu alipopasuliwa nyongo, Kler Moo alikaa naye siku tatu, akimtafsiria mpaka kelele za mgonjwa wa kitanda cha pili. Hakudai hata kikombe cha chai. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja, na sisi tuliuona tukauita adabu: alikuwa akituonea aibu. Tukichuchumaa kituoni kusubiri basi, anatuambia tusimame. Tukitafuna tambuu barabarani anageuza uso. Bibi mmoja aliwahi kuvua viatu mlangoni mwa benki, akaingia miguu mitupu, na Kler Moo alimsema njia nzima ya kurudi nyumbani mpaka bibi wa watu akalia.

Aibu hiyo ilikuwa na chanzo. Mwaka ule wa kwanza alimtafsiria mzee mmoja kwenye ofisi moja, mzee akaulizwa alizaliwa lini, akajibu alizaliwa mwaka tembo alipotumbukia kisimani. Kijana wa dirishani akacheka. Akamwita mwenzake wa dirisha la pili aje asikie, wakacheka wote wawili. Sidhani walikuwa na ubaya, lakini walicheka. Kler Moo alikuja dukani kwangu macho mekundu, akakataa hata kukaa.

"Mama Hsa, walicheka kama wanaangalia tumbili," akaniambia. "Nimeapa. Mtu wetu hatachekwa tena mbele yangu."

Nikamsifu. Nakumbuka kabisa nilimsifu, nikamwekea na tambuu ambayo hakuitafuna. Toka siku hiyo akawa na daftari dogo la jalada la bluu. Sisi watu wa milimani hatukuwa na kalenda ukutani. Mwaka tulikuwa tunaujua kwa kilichotokea. Yeye akaandika yote: mwaka wa mafuriko, mwaka kijiji kilipochomwa, mwaka mianzi ilipotoa maua na panya wakazaana kwa kula mbegu zake, kisha wakashuka wakamaliza mpunga. Mbele ya kila kimoja akaweka tarakimu. Mtu akisema mwaka wa panya, Kler Moo hata hafungui daftari, anatamka tarehe moja kwa moja kama karani. Ofisi ya uhamiaji ikamweka kwenye orodha ya wakalimani wake. Tulivimba vichwa kijiji kizima, kama kuna kijiji kilichobaki.

Sasa Mu Dah. Huyu hakuja na ndege yetu. Alikuja na kwaya ya kanisa, kwa pasipoti ya aina ambayo sisi hatuulizani ilipatikanaje. Kwaya ikaimba wiki mbili ikarudi, yeye akabaki akaomba hifadhi. Mumewe alichukuliwa na askari kubebeshwa mizigo, hakurudi. Mu Dah akayasimulia hayo kwa watu waliokuja kuandika habari za vijiji vyetu, na askari wakajua jina la msimuliaji. Alikuwa na mtoto mmoja, Paw Khu, aliyemwacha kambini kwa bibi yake. Akikubaliwa, anabaki na anamleta mtoto. Akikataliwa, anarudishwa kule ambako jina lake linajulikana.

Alikuwa mwanamke mkimya, mwenye mikono mikubwa, anafanya kazi ya kuosha vitunguu kwenye banda la mboga. Wakili wake, Bi Seo, alikuwa wa shirika dogo la kuwasaidia wageni, ofisi yenyewe chumba kimoja juu ya duka la miwani. Bi Seo alikaa na Mu Dah siku mbili kujaza fomu. Hakumuuliza mwaka. Alichukua cheti cha kuzaliwa cha Paw Khu kilichotolewa zahanati ya kambini, Februari 2012, akauliza mimba ilikuwa ya miezi mingapi mume alipochukuliwa. Mitatu. Akahesabu kurudi nyuma, akaandika Agosti 2011. Fomu ikaenda.

Miezi ilipita, akaitwa kuhojiwa, na mkalimani wa siku hiyo akawa Mwalimu wetu. Mkalimani haonyeshwi fomu, anaingia kutafsiri tu. Yaliyotokea mle ndani nimeyasikia kutoka kinywani mwake mwenyewe, mara nyingi kuliko nilivyotaka. Ofisa akauliza mume alichukuliwa lini. Mu Dah akajibu alivyojua: ilikuwa siku ya kufunga nyuzi, ile ya pili baada ya panya. Kufunga nyuzi ni kila mwezi mpevu wa Agosti, wazee wanapotufunga uzi mweupe mkononi na kuziita roho zetu zirudi zilikopotelea. Ofisa alikuwa kijana, kalamu mkononi, amemkazia macho Kler Moo. Na Kler Moo akamwona kwake yule kijana wa dirishani, akasikia tena kile kicheko. Panya, kwenye daftari lake, ni mwaka 2007. Akaongeza miwili.

"Tarehe sita Agosti, 2009," akasema, na mpaka siku ya mwezi mpevu aliipata sawasawa.

Ofisa akatazama karatasi zake, akauliza kama ana uhakika. Hapo ndipo penyewe. Swali lile lilikuwa la Mu Dah. Kler Moo hakumpa.

"Ana uhakika," akajibu yeye.

Mwisho wa mahojiano maandishi yote husomwa tena kwa mhojiwa kabla hajatia sahihi. Ilikuwa saa ya chakula, kurasa kumi na tisa. Kler Moo akamwambia, "Dada, kila kitu kimekaa sawa, tia sahihi hapa." Akatia. Kisha Mu Dah akamshukuru kwa kuinama mara mbili.

Barua ya jibu ilikuja baada ya miezi mitano. Mu Dah aliileta dukani kwangu kwa sababu Kler Moo alikuwepo, ananunua pilipili. Kwetu barua haisomwi kwa siri. Inasomwa kwa sauti na kila aliyepo anasikia, kama ni furaha tufurahi wote. Kulikuwa na wanawake watano na mimi. Kler Moo akasoma huku akitafsiri. Kwenye fomu umeandika 2011. Kwenye mahojiano umesema 2009, na umesema una uhakika. Aidha, mtoto unayedai ni wa mume huyo amezaliwa Februari 2012. Alipofika kwenye mtoto sauti yake ilishuka, akaendelea mpaka chini: maelezo yako hayaaminiki, ombi limekataliwa.

Nilidhani anamhurumia. Sisi wengine tulikuwa tunahesabu kwa vidole. Agosti 2009, Februari 2012. Hata asiyejua kusoma anajua mimba haikai miaka miwili na nusu.

Mu Dah hakuelewa kitu. Alikuwa anatuangalia mmoja mmoja. "Mimba ilikuwa ya miezi mitatu," akasema. "Asubuhi ile alinishika tumbo kabla hawajamfunga kamba." Mmoja akaanza kuchambua vitunguu ambavyo hakuwa na haja navyo. Mu Dah akakunja barua yake, akaaga, akatoka.

Sasa ndiyo sehemu yangu. Mlango ulikuwa haujafungwa vizuri nikasema, "Miezi mitatu au miaka mitatu?" Wakacheka. Na mimi nikisikia watu wanacheka mdomo wangu hauna breki. Nikasema namkumbuka mwanamume fulani kambini, mgawa mafuta ya taa, jinsi alivyokuwa akizungukazunguka upande wa nyumba za wajane. Sikuwa na ushahidi wowote. Hata sura yake siikumbuki vizuri. Lakini nilisema kwa jinsi mtu anavyosema jambo alilolishuhudia, nikatia na chumvi kidogo ya tochi na mlango wa nyuma. Kler Moo peke yake hakucheka. Alivaa viatu akaondoka, pilipili zake akaziacha juu ya kaunta.

Maneno yale yalitembea. Wiki haikuisha yamefika kambini kwa simu. Mu Dah akija ibadani watu wanasogea kidogo. Kwenye sherehe ya mavuno alikaa na bakuli lake peke yake karibu na mlango, na hakuna aliyemfukuza, ila hakuna aliyemsogelea. Nasi tukawa tunaambiana kwamba mtu kama yule ndiye anayewaharibia wengine, serikali itatuona wote waongo. Tulisema hivyo na kujiona wenye akili.

Na Kler Moo alijua. Aliniambia baadaye kwamba jioni ile ile alilifungua daftari, akaweka kidole juu ya neno panya, akabaki hivyo. Panya hawakushuka siku moja nchi nzima. Mianzi hutoa maua mlima kwa mlima, mwaka huu hapa, mwaka kesho ng'ambo ya mto. Kwao yeye ilikuwa 2007. Kwao Mu Dah je? Hakuwa amemuuliza. Palikuwa na hatua mia mbili tu kutoka nyumbani kwake mpaka kwa Mu Dah, angeenda akauliza. Lakini mwezi ule ndio alikuwa amechaguliwa mwenyekiti wa umoja wetu, na mji ulikuwa umemwandalia cheti cha shukrani chenye fremu ya dhahabu. Akajiambia rufaa italirekebisha kosa. Rufaa ikakataliwa. Akajiambia mahakama italiona. Bi Seo akampigia simu, akamuuliza kama mtu anayewajua watu wake, inakuwaje mwanamke mmoja akataja miaka miwili tofauti. Kler Moo akamjibu kwamba mama zetu hawakusoma, wanachanganya. Ndivyo alivyomjibu. Miezi saba alikuwa anapita dukani kwangu ananisalimia, cheti kiko ukutani kwake, na mimi namwita Mwalimu.

Ikafika Agosti, na kesi imepangwa Septemba. Tulifunga nyuzi kwenye ukumbi tuliokopeshwa na mtaa, asubuhi ya Jumapili. Meza ilikuwa na kila kitu chake: maji, ndizi, muwa, wali wa kunata, maua, nyuzi. Bi Seo alialikwa, akakaa sakafuni na sisi, miguu imemfa ganzi, hathubutu kuinyoosha. Wazee walikaa upande mmoja na Kler Moo kati yao kwa cheo chake. Watu wakapanga mstari. Mu Dah akaja wa mwisho, na mstari ukamwachia nafasi kubwa kuliko aliyoihitaji. Mzee wa kwanza akamnyooshea uzi. Akampita. Akaenda akapiga magoti mbele ya Kler Moo, akamtolea mkono.

"Nifunge wewe, Mwalimu," akasema. "Huenda nikarudishwa. Hawa wengine wamenila kwa midomo. Wewe peke yako hukunicheka."

Mimi nilikuwa karibu na meza, nimeshika sahani ya ndizi, nikaangalia ndizi.

Kler Moo akachukua uzi. Akagonga meza kwa mwiko kama inavyotakiwa, akaanza kuita. Rudi, roho ya Mu Dah. Rudi kutoka mlimani, rudi kutoka mtoni, rudi kutoka ulikotishwa. Hapo akanyamaza. Akagonga tena, akaanza upya, akanyamaza palepale. Tukafikiri anaumwa.

"Dada," akasema, "panya walifika kwenu lini?"

Mu Dah akashangaa. "Mwaka nilioolewa."

"Uliolewa lini?"

"Mimi tarakimu sizijui, Mwalimu. Mwaka aliozaliwa Hsa. Kwetu ni ng'ambo ya kijito tu na kwao. Panya wamemaliza mpunga, wiki ileile Mama Hsa akajifungua. Mama yangu alimpelekea mchuzi wa maua ya mgomba kwa sababu mchele haukuwepo. Muulize mwenyewe."

Ukumbi mzima ukageuka. Naapa sijawahi kutamani sakafu inimeze kama siku ile. Hsa wangu alizaliwa Novemba 2009. Cheti chake ninacho, kiko kwenye kopo la biskuti chini ya kitanda. Jina langu mwenyewe nimelipata kwa mtoto huyo, kila siku naitwa kwalo, na mchuzi ule wa mgomba niliunywa kwa machozi kwa sababu maziwa yalikuwa hayatoki. Mwaka wa panya wa Mu Dah ulikuwa nyumbani kwangu muda wote. Ningefikiri kwa muda wa kumenya kitunguu kimoja ningeujua. Badala yake nilikuwa nafikiria tochi ya mgawa mafuta.

"2009," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, nikaambiwa nirudie.

Kler Moo akaweka uzi mezani. "Basi ya pili baada ya panya ni 2011," akasema. "Mu Dah hajawahi kusema 2009. Tarehe ile niliitoa mimi, kwenye daftari langu, kwa panya wa kwetu. Ofisa aliuliza kama ana uhakika, nikajibu mimi. Kumsomea sikumsomea. Na nimejua tangu barua ilipokuja."

Bi Seo alikuwa anatuangalia, hajui lolote, akauliza kwa Kikorea kuna nini. Na mkalimani mle ndani alikuwa mmoja. Kler Moo ikambidi ajitafsiri mwenyewe. Alimtafsiria wakili maneno yake yote, sentensi kwa sentensi, bila kulainisha, na panya wakiwemo, na mchuzi wa mgomba, na miezi saba. Masikio yake yalikuwa mekundu kama ya mtoto aliyezabwa kofi. Bi Seo akatoa daftari akaandika. Katikati akainua uso, akamuuliza kama yuko tayari kutia sahihi maneno hayo mbele ya jaji. Akasema yuko tayari.

Mu Dah alikuwa bado amepiga magoti, mkono umenyooshwa. Alipoelewa aliushusha polepole.

"Hukuniuliza," akasema.

Basi. Hakupiga kelele, hakumtukana. Wazee wetu ndio walioanza kusema wote kwa pamoja, kila mmoja na mlima wake: kwetu panya walikuja mwaka bwawa lilipopasuka, kwetu walikuja baada ya mazishi ya mchungaji. Bi Seo akachora mto na milima kwenye karatasi na kuandika mwaka pembeni ya kila mlima, na ukiangalia unawaona panya wanavyopanda kutoka kusini kwenda kaskazini, miaka minne mizima. Watu kumi na mmoja wakatia sahihi. Mimi nilikuwa wa kwanza kuitwa na wa mwisho kushika kalamu. Mu Dah alifungwa uzi na bibi yule aliyeingia benki miguu mitupu.

Siku ya pili Kler Moo alikwenda kwa Mu Dah kuomba radhi. Mu Dah akamkaribisha, akampa chai. Akamwambia hataki zawadi wala magoti. Anataka aende nyumba kwa nyumba kote barua ilikofika, aisome tena kwa sauti, na kila penye kosa aseme hili ni langu. Akaenda. Kwangu alifika Jumatano. Nikataka kumkatiza, nikamwambia nimeshasikia, nilikuwepo. Akaniambia, "Kaa, Mama Hsa." Nikakaa juu ya gunia la mchele akaisoma yote mpaka chini. Alipomaliza alisubiri kidogo, nadhani alidhani na mimi nitasema kitu. Nikamuuliza kama anataka pilipili zake.

Uenyekiti aliuacha. Ofisi ya uhamiaji ilimtoa kwenye orodha, na ilikuwa haki yao. Cheti alikishusha, kwa muda mrefu kulikuwa na alama nyeupe ukutani mahali kilipokuwa, mpaka mkewe akaifunika kwa picha ya maua. Mwalimu hatumwiti tena. Tulijaribu, akatuomba tuache.

Mahakama ilifuta uamuzi, ikaamuru Mu Dah ahojiwe upya. Safari hii mkalimani alikuwa mwanafunzi wa chuo, msichana wa kutoka mji mwingine, na Bi Seo aliruhusiwa kukaa ndani. Ofisa akauliza lini. Mu Dah akajibu kama alivyojibu mara ya kwanza, siku ya kufunga nyuzi, ya pili baada ya panya, na yule msichana akasema hivyo hivyo kwa Kikorea. Ofisa hakucheka. Aliuliza panya walikuja kutoka upande gani. Akauliza walikula nini baada ya mpunga kwisha. Akaandika ukurasa mzima, na mwisho Mu Dah akasomewa wote.

Nilimpelekea Kler Moo habari hiyo mimi, nikidhani itampoza. Alikuwa ametoka kiwandani, rangi kwenye kucha. Akakaa kwenye ngazi ya duka akafunika uso. "Niliwakinga na nini?" akaniuliza. Nikakumbuka alivyotusimulia mzee wa tembo kisimani, kwamba siku ile yeye mwenyewe hakukasirika. Alicheka pamoja nao.

Mu Dah akapewa hifadhi majira ya kuchipua. Paw Khu ikamchukua mwaka na zaidi kufika, kwa makaratasi. Tulikwenda kumpokea wengi, pengine wengi mno, tumebeba makoti. Alikuwa na miaka minane, mwembamba, paji pana. Wazee waliomjua marehemu baba yake walimtazama mara moja wakatazamana. Hakuna aliyehitaji kuhesabu kwa vidole. Nilimvalisha koti nililomnunulia, akashukuru kwa adabu, nami nikajiona kama nimelipa.

Wiki ya tatu akaja dukani peke yake, ametumwa majani ya chai. Kler Moo alikuwa pale, ananipangia makopo kwenye rafu ya juu, maana siku hizi ndivyo anavyonisaidia akipata nafasi. Mtoto akachukua mfuko wake, akafika mlangoni, akasimama. Akarudi.

"Wewe ndiye Mama Hsa?" akauliza.

Nikamwambia ndimi.

"Kambini walisema wewe unamjua baba yangu mwingine." Alisema pole pole, kama mtu aliyelifanyia mazoezi swali lake kwenye ndege. "Yule wa mafuta ya taa. Watoto walikuwa wananiita kwa jina lake. Bibi alinikataza kuuliza. Nataka kujua kama ni kweli, kwa sababu sifanani naye."

Nikamwangalia Kler Moo huko juu ya ngazi. Mtu aliyezoea kuwasemea wote, mtu ambaye angeweza kupata sentensi nzuri ya kunitoa hapo. Alishika kopo lake akaniangalia tu. Swali lilikuwa langu.

"Si kweli," nikamwambia. "Hakuna baba mwingine. Mimi nilitunga. Watu walikuwa wanacheka, nami nikapenda wacheke."

Akalifikiria. Halafu akaniuliza kama watoto wa kambini nao wameambiwa.

Nikamwambia bado.